Udongo Uliopikwa

Kuingia nyumbani kwa Mama Labo, kule mtaa wa Saio, ilikuwa kazi. Mbwa hakuwa naye, mlinzi hakuwa naye, lakini nyuma tu ya lango la mabati kulikuwa na beseni la bluu lenye maji ya javeli, ile ya kufulia nguo nyeupe, na kando yake brashi ya kusugulia soli. Hupiti mpaka umekanyaga humo. Pasta alikanyaga. Mkubwa wa mtaa alikanyaga, naye alikuwa amekuja kuleta barua tu na kuondoka. Mimi nimekanyaga miaka kumi na miwili, na nina jozi nne za viatu vilivyopauka puani kama ushahidi.

"Mama Labo" si jina lake. Wanafunzi walimpa kwa sababu ya labo, yaani maabara ya shule, likatoka darasani likaenda sokoni, likaingia kanisani, mpaka bwana yake mwenyewe akawa anamwita hivyo siku anazomkasirikia. Alikuwa akifundisha magonjwa ya mimea katika shule moja ya kilimo hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, na hasa alijua kazi moja: kumkamata anayeua mimea ya viungo akiwa amejificha ndani ya udongo. Mimea ya viungo kwetu ni tangawizi, ambayo sisi tunaiita tangawisi, ni pilipili, ni manjano, na kwa wale wa upande wa msitu ni vanila. Mkulima analeta shina lililonyauka, yeye anakaa nalo siku nne, tano, kisha anamwambia aliyeliua ni nani. Hakuna mtu mwingine mjini aliyeweza kazi hiyo. Labda wapo waliokuwa na karatasi zinazosema wanaweza.

Mimi nilikuwa na karatasi hiyo. Nilifika kwake na diploma yangu ndani ya bahasha na koti jeupe nililoazima kwa binamu, nikidhani nitakaribishwa mbele ya darubini. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, ndivyo alivyomtazama kila mtu, akanipa kisu na ndoo ya viazi mbatata. Nikamenya viazi mpaka saa sita. Nilinuna waziwazi, na yeye aliona, na hakujali hata kidogo.

Baadaye nilielewa. Ukungu unaoozesha tangawisi unakula kama sisi, na chakula unachokipenda kuliko vyote ni mchuzi wa viazi uliogandishwa ndani ya kisahani. Kule ng'ambo wananunua chakula hicho tayari, kiko kwenye chupa. Sisi tulikipika. Viazi vilitoka Kpandroma, kwenye baridi, na yeye alisema hakuna ukungu duniani unaokula vizuri kama ukungu wa Bunia. Mchuzi ulikwenda kwenye visahani, viazi vyenyewe vikabaki sufuriani, tukavila na chumvi. "Supu ya bagonjwa, viazi ya bazima," alisema kila mara, na kila mara alicheka peke yake kama vile ndiyo mara ya kwanza.

Siku nyingine unga wa kugandisha ulikwisha, akatumia wanga wa muhogo. Siku nyingine visahani vilivunjika, akatumia vifuniko vya chupa pana za kuwekea maharagwe, vilivyochemshwa. Alikuwa na sufuria kubwa ya presha, iliyotembea naye kati ya labo na jikoni kwake, na iliyofanya kazi ya mashine tatu. Ndani ya sufuria hiyo kilichemshwa kila kitu kilichotakiwa kufa kabisa: maji, vyombo, udongo wa kupandia miche. Usipochemsha, alisema, huwezi kujua kama mdudu uliyemkuta alikuwemo au umemleta weye na mikono yako. Kikulacho ki nguoni mwako, sisi wote tunaijua. Yeye alimalizia kwa kuonyesha kidole miguuni kwa mtu: na kingine kiko ku viatu yako.

Jambo la kwanza la maana alilonifundisha lilikuwa mahali pa kukata. Nilikuwa nimeletewa tangawisi iliyooza upande mmoja, laini, inanuka. Nikachukua kipande katikati ya uozo, nikakiosha kwenye javeli, nikakisuuza mara tatu, nikakiweka kwenye kisahani. Baada ya siku tatu kisahani kilijaa manyoya ya rangi zote. Nilifurahi sana. Nilimwita aone nilivyokamata wauaji wengi kwa mpigo. Akainama, akatazama, akavuta kiti akaketi.

"Sikia," akasema. "Usitafute muuaji kwenye matanga. Kwenye matanga unakuta tu batu bamekuya kula. Muuaji alishaenda mbele. Kata kwenye mupaka, pale nyama nzima inakutana na ile inaoza. Njo pale anafanya kazi."

Nimeyarudia maneno hayo kwa wanafunzi wangu mpaka wengine wanadhani ni yangu. Sijawasahihisha wote.

Alikuwa mtu wa kanisa kabisa, wa kiti cha mbele, wa chama cha akina mama, na hakuwahi kuonja pombe. Lakini taa ya labo, ile ya kuchomea sindano zisibebe vijidudu, ilitaka spiriti, na miezi ambayo barabara zimefungwa spiriti haikufika. Basi Mama Labo alikuwa akivuka kijito na kidumu chake, mchana kweupe, kwenda kwa wapika lotoko, gongo ya kwetu. Na hakununua ya kawaida. Alitaka ile kali, ya kwanza kutoka, na aliipima hapo hapo kwa kumimina kidogo kwenye jiwe na kuiwasha. Ikiwaka bluu, ananunua. Ikikataa, anamwambia mpishi mbele ya wateja wake kwamba anauza maji. Wanywaji walimheshimu kuliko pasta. Pasta naye alipata habari, akaja kumuuliza kwa upole kama ana shida yoyote nyumbani. Mama Labo alimkanyagisha kwenye beseni la labo, akamwonyesha taa inawaka, akamwambia aende akahubiri.

Pilipili alizichunguza miaka thelathini na hakuweza kuzila. Punje moja tu, machozi. Alipoalikwa mahali alikuwa akichungulia mchuzi kwa woga kama mtoto, mtu aliyekuwa akizijua pilipili kwa magonjwa yao yote. Na huyo huyo aliyekataza tope la mtaa mmoja kuingia mtaa mwingine, alikuwa na mfuko wa koti uliojaa mbegu alizookota huku na huku bila kukumbuka zilitoka wapi. Ukimwambia, anasema mbegu si udongo. Ukimwambia mbegu zina udongo, anasema una kazi nyingi za kufanya.

Siku wakwe watarajiwa walipokuja kwa ajili ya binti yake, wazee sita wamevaa suti, viatu vinang'aa, sote tulijua kitakachotokea na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuliondoa beseni. Mzee wa kwanza alidhani ni desturi ya ukoo. Akakanyaga kwa heshima, wengine wakafuata, na wa mwisho akateleza, javeli ikaruka ikatua kwenye suruali yake nyeusi. Alitoka mle na madoa meupe hadi magotini. Ndoa ilifungwa hata hivyo. Lakini kwa ule ukoo mpaka leo wanaamini kwamba kwa mama yule hupewi binti mpaka umeoshwa.

Sasa niseme habari ya neno.

Wauaji wa tangawisi ni wa namna mbili. Kuna ukungu, na huo unaweza kupigana nao kidogo, kwa mbegu safi na mifereji mizuri. Na kuna bakteria mmoja anayeingia kwa mizizi, akaziba mishipa, mmea ukanyauka ungali kijani, kwa siku chache tu. Huyo hana dawa. Anakaa udongoni miaka. Kumjua ni rahisi kuliko wote: unakata kipande cha shina, unakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, unasubiri dakika chache. Kama yumo, nyuzi nyeupe zinaanza kutoka kwenye shina na kuteremka polepole ndani ya maji, kama maziwa. Mama Labo alikuwa na neno lake kwa hilo. Alisema shina "inanyonyesha." Sisi wote wa labo tukasema hivyo: ya fulani inanyonyesha, ya fulani hainyonyeshi. Ilikuwa na maana ya hukumu. Shamba linalonyonyesha halipandwi tena tangawisi, wala nyanya tunazoziita tomate, wala pilipili, wala biringanya, mpaka miaka ipite.

Siku moja akaja mama mmoja wa Djugu, kati ya wale waliokimbia vita na kuja mjini, ambaye alikuwa amepewa kipande cha kulima nje kidogo ya mji. Alileta shina lake limefungwa kwenye kitenge. Tukakata, tukaweka kwenye glasi, nyuzi zikashuka. Mama Labo akaniambia, kwa sauti ya kawaida ya kazi, "Inanyonyesha." Yule mama akasikia. Akapiga makofi, akamshukuru Mungu, akashika mikono yetu wote wawili, akaenda zake kabla hatujafungua vinywa. Kesho yake alirudi na kuku.

Ni sisi tu, katika mji mzima, tulioweza kufanya kosa la namna hiyo. Kwa kila mtu mwingine kinachonyonyesha ni kizima, kina baraka, ni ng'ombe mwenye ndama na mama mwenye mtoto. Mama Labo alimweleza. Yule mama alisikiliza akiwa amesimama na kuku kwapani, kisha akaketi kwenye ngazi. Aliuliza kama anaweza kupanda angalau muhindi, yaani mahindi. Akaambiwa ndiyo, muhindi na maharagwe. Yule mama alikataa kurudi na kuku. Alisema kuku haina kosa. Kuku huyo aliishi nasi miaka miwili na kutaga nyuma ya rafu ya visahani.

Mama Labo aliumia sana kwa jambo hilo. Toka siku ile alitoa amri: majibu hayasemwi kwa mtu aliyesimama. "Kiti kwanza, majibu nyuma." Kwa kila mtu, majibu yawe mazuri au mabaya, kusudi mtu asitambue kabla. Ila sisi, kwa uvivu wetu, tulikumbuka kiti siku za majibu mabaya tu, na wakulima si wajinga. Haukupita mwaka, ukimvutia mkulima kiti alikuwa anakataa kuketi.

Neno lenyewe hakuliacha. Nilimuuliza kwa nini, baada ya yote yale. Akasema ndivyo linavyoonekana, na yeye hawezi kuita kitu kwa jina ambalo halioni ndani yake.

Bwana yake tulimwita Muzee. Yeye hakupenda mji. Alibaki kwenye shamba lao, vilimani upande wa Djugu, akilima tangawisi ambayo mbegu yake aliirithi kwa baba yake, na Mama Labo alikuwa akipanda kwenda kwake shule zikifungwa. Halafu siku zikawa mbaya kule, watu wakaanza kukimbia. Muzee alitembea siku tatu. Hakuchukua radio, hakuchukua godoro. Alibeba gunia la tangawisi ya mbegu mgongoni, basi.

Yaliyotokea langoni sikuyaona, nilisimuliwa na Mama Labo mwenyewe, na alisimulia akiwa anatazama pembeni. Alikuwa hajui kwa siku tatu kama bwana yake ni mzima. Akasikia mtu anagonga bati. Akafungua, akamwona yeye, vumbi mpaka kwenye nyusi. Na neno la kwanza lililomtoka mdomoni lilikuwa, "Kanyaga kwanza."

Muzee akakanyaga. Akatua gunia nje ya lango, akaingia, akaoga, akalala. Na wakati amelala, Mama Labo alichukua tangawisi moja kwenye gunia lile, akaikata, akajaza glasi maji.

Ilinyonyesha. Akakata ya pili, ya tatu, ya kumi. Nyingine zilikuwa safi, nyingine hapana, na kwa gunia moja hiyo inatosha. Kabla Muzee hajaamka alikuwa amelichoma moto gunia lote nyuma ya nyumba, na moshi wa tangawisi ndio uliomwamsha. Alitoka akasimama pale akiwa amejifunga shuka. Akasema, "Umeunguza kwetu." Kisha hakusema naye majuma mawili.

Mimi nilimwambia Mama Labo kwamba angeweza angalau kumsubiri. Alinijibu kwamba aliogopa akimsubiri asingeweza. Nadhani ni jibu la kweli, lakini hata sasa sijalipenda.

Walipopatana, walipatana kwa kubishana. Muzee alishikilia kwamba ugonjwa ulitoka kwenye gunia, si shambani. Gunia aliliazima kwa jirani njiani, na nani anajua lilibeba nini kabla. "Udongo yetu iko safi," alisema. Na Mama Labo, akimmiminia chai, alijibu, "Sijui. Sijapima." Kwenda kupima haikuwezekana, njia ilikuwa imefungwa. Basi waliendelea hivyo, mwaka baada ya mwaka, kwenye meza ile ile, iko safi, sijapima, kama watu wengine wanavyobishana juu ya mpira. Lakini haukuwa mchezo. Muzee alitaka jambo moja tu kabla ya kufa, kurudi kupanda tangawisi katika udongo ule. Na Mama Labo alikuwa ndiye mtu wa pekee aliyeweza kumwambia kama itaota au itakufa, na hakuwa na hata kijiko cha udongo wenyewe.

Muzee alikufa hapa Bunia, kwa ugonjwa wa kifua. Kumpeleka kwao haikuwezekana. Mpwa wake mmoja alikuwa amefaulu kufika kule kwa siku moja na kurudi, akaleta mfuko wa plastiki wenye udongo wa shamba, kilo mbili hivi, kusudi Muzee alale juu ya kwao hata kama amelala ugenini. Mama Labo aliupokea kwa mikono miwili. Akaingia nao jikoni, akafunga mlango.

Baada ya muda tukasikia presha inalia.

Nyumba ilijaa watu wa matanga, na harufu iliyotoka jikoni ilikuwa harufu ya mvua ya kwanza. Shangazi zake Muzee wakatazamana. Mmoja akasukuma mlango, akarudi amejishika kichwa. "Anapika udongo ya bwana yake," akasema.

Kulikuwa na maneno, na mengine siwezi kuyaandika. Mama Labo alitoka akasimama mbele yao, kitenge cha matanga kimefungwa kiunoni, kitambaa cha sufuria mkononi. Akawaeleza kwamba bondeni, chini ya makaburi atakapozikwa Muzee, kuna bustani, kwamba wanawake waliokimbia wanalima pale tomate na pilipili, kwamba mvua itashuka kupitia kaburi na kufika kwao. Akasema wale wameshapoteza mashamba mara moja. Shangazi mmoja aliondoka na hakurudi mpaka siku ya kumaliza matanga. Makaburini mimi ndiye niliyeshika sufuria, ikiwa bado vuguvugu, na yeye akachota kwa mkono, akamwagia Muzee udongo wote, mpaka akapangusa sufuria kwa kiganja.

Ndipo kesho yake nikamuuliza. Kilo mbili, Mama. Hukuacha hata kijiko cha kupima?

"Ningepima, mumoja wetu angeshindwa," akasema. "Na yeye hawezi kujibu tena. Udongo ile ilikuwa yake."

Alistaafu mwaka uliofuata. Macho yakaanza kumwekea ukungu, na alicheka kwamba hatimaye ukungu umempata. Labo aliniachia mimi, pamoja na sufuria. Nilikuwa nikipita kwake Jumamosi, nakanyaga beseni, nakaa. Aliuliza habari za visahani kama vile watu wanavyouliza habari za wajukuu.

Mwaka huu watoto wa ndugu zake Muzee wameanza kurudi kwao kidogo kidogo. Walikuja kwangu, watatu, na swali lile lile lililokuwa mezani miaka yote. Wanataka kupanda tangawisi katika shamba la baba mkubwa. Mbegu safi wanaweza kupata upande wa msitu, lakini wakipanda kwenye udongo mgonjwa watapoteza yote, nao hawana cha kupoteza mara ya pili. Nikaenda nao. Nilichota udongo pembe nne na katikati, nikafunga mifuko miwili miwili, nikaosha jembe na viatu kwa javeli pale pale huku wakinitazama, na nilijisikia kufanana na mtu fulani.

Kule labo nilitayarisha vyungu. Vyungu vilivyojaa udongo mbichi, na kando yake vyungu vyenye udongo huo huo uliopikwa kwenye presha. Hivyo vya kupikwa tunaviita shahidi: kama mche ukifa kwenye mbichi na ukapona kwa shahidi, basi muuaji alikuwa udongoni, si kwenye maji yangu wala mikono yangu. Katika vyote nikapanda miche ya tomate, maana tomate inashikwa upesi kuliko tangawisi. Siku ya kumi na mbili nilipanda moto, yaani pikipiki, kwenda kumchukua Mama Labo kule Saio. Kumpelekea majibu nyumbani niliona si haki. Alikuwa na haki ya kuwepo.

Aliingia akinishika mkono. Mlangoni mwa labo alitafuta beseni kwa ncha ya kiatu, akalipata, akakanyaga kabla sijasema. Alisimama mbele ya meza. Nilikata shina moja la mbichi, moja la shahidi, nikayaning'iniza kwenye glasi mbili, tukasubiri. Dirisha lilikuwa wazi, mchana, na nje wanafunzi walikuwa wakimenya viazi.

"Ulikata wapi?" akauliza.

"Kwenye mupaka, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. Aliinama karibu na glasi mpaka pua ikakaribia kugusa, kisha akajiinua. Hakuona kitu. Mimi niliona. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kiti, na miguu ya kiti ikakwaruza sakafu.

"Usinivutie kiti," akasema. "Sema."

Nikamwambia. Inanyonyesha.

"Inateremka mupaka chini?"

"Mupaka chini, Mama."

"Na ya shahidi?"

"Iko safi."

Alinipa mgongo. Nilifikiri analia, na labda alilia, lakini alipogeuka alikuwa na uso wa mtu anayetaka kucheka na hajui kama inaruhusiwa. "Muzee alikosea," akasema. "Miaka yote ile. Alikosea, na mimi hata siwezi kumuambia." Kisha, mara moja, akawa mwalimu: watoto wapande muhindi, kisha maharagwe, kisha muhindi tena, wang'oe magugu ya jamaa ya tomate, wasiazime jembe, wapime tena baada ya miaka mitatu. Alinitaka nirudie, nikarudia.

Halafu akapapasa meza kwa mkono. Aliigusa glasi ya shahidi, ile safi, ya udongo uliopikwa, akaishika.

"Hii njo nilimupatia yeye," akasema. "Iko safi. Haiko na kitu ndani."

Akaiacha, akatafuta ile nyingine, ile yenye nyuzi, akaiweka kiganjani kama vile kikombe cha chai. Nilitaka kumwambia anawe mikono na sikumwambia.

"Ile ya kule iko hai," akasema. "Inaua tangawisi, lakini iko hai." Kisha akaongeza: "Ya kwangu musiipike."

Sikuelewa upesi, kisha nikaelewa: alikuwa anasema juu ya udongo wa kaburi lake. Niliwafikiria wale wanawake chini ya makaburi, tomate zao, mvua. Nilifikiri yeye mwenyewe angemjibu nini mwanafunzi aliyeomba jambo kama hilo. Alikuwa amesimama akingoja, glasi mkononi, uso umeelekea mahali alipodhani nipo.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Katika miaka yote niliyofanya kazi naye, hilo ndilo jibu la pekee nililompa bila kulipima. Mfuko mmoja wa udongo ule umebaki. Nimeuweka kabatini kungoja siku yake, mbichi, kwenye rafu moja na sufuria ya presha, na kila asubuhi nikifungua kabati naviona vyote viwili.